Pua ya Lévi

Risasi zilipotulia na watu wakaanza kurudi Masisi, habari iliyomfurahisha Lévi wa Sake ilikuwa moja tu: Mama Hélène hajui tena bia yake ipi ni ipi.

Mama huyo alipika nyumbani bia mbili za houblon, yale maua makavu yanayoleta uchungu. Moja ilikuwa chungu ya kawaida. Ya pili aliiongezea houblon baada ya moto kuzimwa, ikanukia zaidi. Kwa rangi ni mapacha. Katika kukimbia, majirani walificha bidon, yale madumu ya bia, ovyo ovyo, naye mafua ya kulala porini yakamziba pua. Na arusi ilikuwa kesho: wazee wameagiza ile ya kawaida, vijana ile ya kunukia.

Lévi akaazima koti, akapanda pikipiki, akajitambulisha kuwa ekspere, mtaalamu wa bia kutoka Bukavu. Alinusa, akasukutua, akafumba macho kama anayepokea komunyo. Kila bidon iliyonukia vizuri aliitangaza imeharibika, akajitolea, kwa huruma yake, kwenda kuimwaga mbali.

Mama Hélène alisikiliza kwa adabu. Alikuwa ameona jinsi ekspere anavyomeza kikombe cha kila bia aliyosema imeharibika hadi tone la mwisho. Akaingia jikoni, akarudi na kikombe kingine, maua ya houblon yakielea juu. Lévi akameza. Uchungu ukampanda hadi masikioni, akaamini wote ni wa houblon, akajua amepata dhahabu.

“Hii njo mubaya kupita zote, Mama. Uko nayo mingi?”

“Niko nayo bidon ine, Papa.”

Pikipiki haikuweza kubeba zaidi. Alizichukua hizo nne, akaahidi kurudi kwa zile nyingine zilizoharibika.

Sake haikuwa na bia ya chupa, barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, kwa hiyo alipofika nazo sokoni kuziuza, watu walimzunguka upesi. Wa kwanza kuonja alikuwa Sebarenzi, mfugaji. Alikunywa kidogo, akarudisha kikombe.

“Kaka, hii haiko bia. Iko majani ya mubirizi. Miye nanyweshaka mbuzi zangu juu ya minyoo.”

Watu wote wakamgeukia Lévi. Njia ya kukana ilikuwa moja, kunywa. Alitabasamu, akamaliza kikombe. Wakamwomba kwa upole anywe cha pili, kisha cha tatu, na hapo tumbo likamwondoa sokoni mbio, bidon zote akaziacha.

Kesho yake Mama Hélène aliwapelekea vijana zile ambazo ekspere alisema zimeharibika, na wazee zilizobaki. Hakuna aliyelalamika. Mwongo alikuwa mwongo, lakini pua alikuwa nayo.