Karatasi Nyekundu Mlangoni Petu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mke wangu Ephrasia bado hospitali. Moyo wake utapasuliwa Ijumaa. Haika, binti yetu, ni nesi, anasema ni operesheni ya kawaida. Mbona analia akiosha vyombo?

Huku ughaibuni bahati inanunuliwa, nimepanda basi mpaka duka la Wachina. Nimepata karatasi nyekundu yenye alama ya dhahabu, kama watu wawili wamesimama wameshikana. Nikajua mara moja: mimi na Ephrasia, miaka arobaini na minne. Mwenye duka alitaka kunieleza. Nikainua mkono. Mimi nimemaliza darasa la nne la mkoloni, siku hizi ni sawa na chuo kikuu.

Nimeibandika mlangoni. Bahati ijue ghorofa ya kuingia.

Jumanne, 4 Februari
Bi Lin, Mchina wa ghorofa ya chini, ameniletea machungwa na bahasha nyekundu. Ameinama mara tatu. Nami nikainama. Heshima yangu inaonekana kwa mbali.

Saa tisa Gitonga akapiga simu. Ni Mkenya, tunasali pamoja, tunagombea kiti kimoja cha baraza la wazee. Akauliza nimeoaje kimyakimya, hata chapati hawakuonja. Kumbe mkewe, Nkirote, ndiye anayemhudumia mama yake Bi Lin. Ameambiwa alama ile Wachina huibandika kwenye mlango wa maharusi. Sasa kikundi cha maombi chote kinajua.

Nilimwambia Gitonga hajui kusoma. Karatasi sikuibandua. Anayebandua amekiri.

Jumatano, 5 Februari
Habari imefika hospitali kabla yangu. Ephrasia amegeukia ukutani. Nikaeleza nusu saa nzima, kwa mifano. Alipogeuka aliuliza jambo moja tu: Baba Haika, bibi harusi anaitwa nani?

Kisha akamwambia daktari hasaini karatasi ya kupasuliwa. Apone ili iweje, arudi akute mwingine anakoroga sufuria zake? Daktari anasema moyo ule hautafika majira ya joto.

Haika kanirudisha nyumbani kwa gari. Mwishoni akasema, baba, ungeuliza tu.

Niulize? Kwa umri huu?

Alhamisi, 6 Februari
Sikula. Nimerudi dukani kutafuta dawa ya Kichina ya kuondoa ile ya kwanza. Mbele ya kaunta kuna vijiti vya kijani ndani ya maji, vimefungwa utepe mwekundu. Mwanzi wa bahati, ndivyo wanavyouita. Nikasogea. Nikashika jani.

Si mwanzi ule. Ni isale. Labda binamu yake, lakini ukoo ni ule ule tunaoupanda mipakani mwa mashamba kwetu Uchagani, Marangu. Kwetu ukikosa, unafunga jani la isale fundo, unampelekea uliyemkosea. Akiletewa hawezi kukataa. Babu yangu alimsamehe mtu aliyemchomea nyumba, kwa jani moja.

Nikanunua, nikafunga jani fundo, nikalibeba ndani ya koti, baridi isiliue. Hospitali nikasimama mbele ya kitanda, nikalitoa kwa mikono miwili. Ephrasia aliliangalia. Mkono wake umekonda, pete inacheza kidoleni. Akasema: hata isale umenunua kwa Wachina. Akaniambia jani halina mdomo, niseme mwenyewe.

Nikasema nisamehe, Mama Haika. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Sijawahi kulisema neno hilo tangu tuoane.

Akalipokea. Akaomba kalamu.

Jumatatu, 10 Februari
Amepona kisu. Jana alikunywa uji, akalalamika hauna sukari. Huyo ndiye Ephrasia.

Gitonga kaja na chai ya chupa. Anasema tumshukuru Mungu na madaktari. Nikamwambia awashukuru, lakini asisahau nani alibandika nini mlangoni. Alinitazama kama anavyotazama theluji ya Aprili.

Jumamosi, 15 Februari
Kesho Ephrasia anarudi. Nimekwenda dukani kumtafutia kitu cha kumpokea. Nimechagua picha kubwa: mtoto mnene wa kiume amekumbatia samaki. Maana yake ni wazi, chakula kingi. Mwenye duka alianza kunieleza huku akiziba kicheko kwa kiganja. Nikainua mkono.

Nimeitundika juu ya kitanda chetu. Bi Lin alikuja na Nkirote kusaidia usafi. Bi Lin aliiona, akapiga makofi, akashuka ngazi haraka, akarudi na soksi nyekundu, ndogo kama kidole gumba changu. Amekosea kipimo, mimi navaa namba kumi na moja. Nimezipokea, nikainama mara tatu.

Nkirote alikuwa ameshatokea koridoni, anapiga simu; nilisikia neno "mtoto", bila shaka anaisifu picha.