Majeruhi Namba Kumi na Nne

Jumatano, 3 Julai 2019

Filimbi haina shingo! Kiongozi wa kikosi chetu cha Hilali Nyekundu ameivua leo mbele ya gwaride. Yuko Kidato cha Tano, ambacho kwetu ndicho cha mwisho, mtihani unamkaribia, hana tena Jumatano za kukunja bandeji. Mwalimu Rohaya akaizungusha ile kamba nyekundu kidoleni, akasema ataivisha shingo nyingine baada ya zoezi la uokoaji la tarehe 13, kwenye shamba la michikichi.

Washindani ni wawili. Mimi, Mugilan, Kidato cha Nne, mwaka wa nne kikosini, sijakosa gwaride isipokuwa mara sita. Na Sumayyah wa Kidato cha Tatu, ambaye akishika ufagio huwezi kujua nani amemshika mwenzake.

Nimechora jedwali la sifa zangu. Urefu: ninao. Sauti: ninayo. Mwendo wa gwaride: wa kupendeza, mama ni shahidi. Kufunga bandeji: nitajaza baadaye.

Leo Sumayyah alifunga bandeji ya pembetatu akiwa amefumba macho. Kichwa, bega, goti, kifundo, kiganja. Kitambaa kile kile kimoja, kazi zote kumi na moja za kitabuni, bila mkunjo hata mmoja. Nilisahau kufunga mdomo. Kisha ikaja zamu yangu, mgonjwa wangu akiwa Chee Keong, tunayekaa naye dawati moja. Alisema amekuja kwangu na mkono uliovunjika, sasa anaondoka na shingo iliyovunjika pia, na kama nina huduma ya tatu, nimsamehe tu arudi kwao.

Jumanne, 9 Julai

Mkakati wa kwanza. Kesho ni ukaguzi wa sare. Nimeloweka suruali kwenye maji ya wali, nikaikausha, nikailoweka tena. Mara tatu, kwa hesabu yangu: ya kwanza hunyoosha, ya pili hupendeza, ya tatu hutawala. Sasa suruali imesimama yenyewe bafuni. Mama aliingia, akadhani kuna mtu, akaomba radhi akatoka.

Jumatano, 10 Julai

Nilikwenda shule nikitembea kama bikari. Mwalimu Rohaya alisimama mbele yangu sekunde nne nzima. Kwa wengine alisimama mbili. Nikajua nimeshinda.

Ndipo ikatoka amri ya kuchuchumaa. Mimi nilitii. Suruali ilikataa. Mlio wake, nimeambiwa, ulifika kantini. Kikosi kizima kilinyamaza kwa heshima, halafu hakikunyamaza tena.

Sumayyah hakucheka. Hilo ndilo linalonisumbua. Alitoka mstarini, akachomoa bandeji mkobani, akanizungushia kiunoni na kuikaza kwa fundo moja bapa, nami nikawa mtu mwenye kikoi safi. Sekunde tisa, nilihesabu. Hiyo ni kazi ya kumi na mbili! Haimo kitabuni. Aliibuni pale pale, juu ya aibu yangu, kisha akarudi mstarini kama aliyekwenda kuokota kalamu. Kama huyu ndiye mpinzani, basi nimepewa mpinzani wa daraja la juu mno.

Alhamisi, 11 Julai

Mwalimu ameeleza zoezi. Tutachukulia kwamba basi limepinduka shambani. Majeruhi kumi na wanne watalala kati ya michikichi, kila mmoja na karatasi mfukoni inayotaja jeraha lake. Kiongozi atapita na kumvisha kila mmoja kadi shingoni. Kijani: anatembea. Njano: anaweza kusubiri. Nyekundu: abebwe sasa hivi. Nyeusi: amekwisha kufa, aachwe. Waokoaji watafuata nyuma na machela, wakitii kadi. Rangi ikikosewa hata mara moja, alama kumi zimekwenda.

Sumayyah ataongoza asubuhi, mimi mchana, na kila mmoja ataivaa filimbi kwa zamu yake. Asubuhi mimi ni majeruhi namba kumi na nne. Mguu umevunjika. Njano.

Sanduku la kadi hukaa kabatini. Kabati halina kufuli. Sitaandika zaidi.

Nitaandika. Nimechukua moja nyeusi. Akishanivisha njano na kwenda zake, nitabadilisha. Mwalimu atakuta mtu wa mguu amehesabiwa maiti, alama kumi kwaheri, na filimbi itakuja mahali pake. Nilimweleza Chee Keong. Akauliza kama huo si udanganyifu. Nikamwambia ni utafiti. Akasema utafiti wangu wa juzi uliishia na bandeji matakoni.

Jumapili, 14 Julai

Naandika kitandani, hospitalini. Jana sikuweza. Vidole vilikuwa kama ndizi. Nitakwenda kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi tulikula wali wa nazi na dagaa, umefungwa kwenye jani la mgomba. Saa tatu nililala mahali pangu. Sumayyah alinifikia mwisho. Aliuliza jina langu, kana kwamba halijui. Akauliza kama nahisi vidole vya mguu. Akanishika mapigo. Aliutazama mguu wangu kwa uzito hata mimi nikauhurumia. Akanivisha njano, akaandika kwenye kidaftari chake, akaniambia atarudi.

Nilibadilisha kadi. Ya njano nikaifukia mchangani. Kisha nikahamia kivulini, juu ya rundo la makuti makavu, maana maiti ana haki ya kivuli.

Rundo lilikuwa na wenyewe. Nyigu! Mmoja shingoni, wawili sikioni, wengine sikuwahesabu, mimi ninayehesabu kila kitu. Niliruka kwa mguu uliovunjika, nikakimbia hatua kumi, nikaanguka. Mwanzo yalikuwa maumivu tu. Nikajiambia kiongozi huvumilia. Kisha mwili wote ukawasha, midomo ikajaa, na hewa ikawa inapita kooni kama kwenye mrija wa soda. Nilitaka kuita. Ikatoka sauti ya birika.

Wakaja waokoaji wawili na machela. Mmoja wao Chee Keong! Nikamnyooshea mkono. Akatazama kadi, akasema huyu keshafariki, twende. Mwenzake akauliza mbona maiti anakunja vidole. Chee Keong akamjibu kwamba huyo ni Mugilan, hajawahi kufanya jambo kwa kiasi, ona hata midomo kaivimbisha. Akanikonyeza. Akanipigia makofi kidogo. Wakaondoka.

Nikabaki na vipande vya anga kati ya makuti. Hapa hasomi mtu, basi naandika ukweli: niliogopa. Nilimwaza mama na ile suruali bafuni. Nikaiona kadi kifuani pangu, nyeusi, na hakuna aliyenivisha ila mimi.

Halafu nikasikia hatua.

Sumayyah ana desturi yake. Wote wakishabebwa, yeye hurudi kwa wafu. Hakuna alama za kazi hiyo, hakuna aliyemtuma. Ameniambia leo kwamba hapendi walale peke yao, na kwamba aliyekagua mara moja amekagua nusu. Kidaftari chake kilikuwa na wafu wawili. Pale akamkuta wa tatu.

Alisoma kadi. Kisha akanisoma mimi. Hakuuliza kadi imetoka wapi. Akapuliza filimbi mara tatu, ile ile niliyoitamani, na sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile duniani. Akaniketisha, mgongo kwenye shina la mchikichi, akafungua kola, akaikata kamba ya kadi nyeusi kwa mkasi wa bandeji.

“Wewe ni wa njano, kaka Mugilan,” alisema. “Nilikuandika mwenyewe. Hufi leo.”

Akanivisha nyekundu.

Sauti yake ilikuwa tulivu. Kila kidole kilifanya kazi yake. Akaanza kuhesabu pumzi zangu kwa sauti, mpaka ikawa nasubiri ataje namba ndipo nivute. Alifika sabini na tatu. Mwalimu Rohaya akatokea na gari, akiendesha kati ya michikichi kama vile hakuna michikichi. Hospitalini nikachomwa sindano pajani, na koo likafunguka kama mlango.

Daktari alisema kwamba kama ningechelewa dakika kumi zaidi... Hakumaliza sentensi. Mama aliimaliza, kwa kulia.

Zoezi lilisimamishwa, zamu yangu ya mchana haikuwapo. Sumayyah alikuja leo na wali wa kubanwa, uliokatwa vipande kama mkate, uliopikwa na mama yake. Sijui mtu wa kimo kile ameweka wapi moyo wote ule. Nilikusudia kukiri mbele yake tangu jana, ila ulimi ulikuwa umevimba. Leo uvimbe umepungua, na nia nayo imepungua. Akaniambia Mwalimu amemuuliza habari za kadi nyeusi, naye amejibu kwamba atanisubiri niseme mwenyewe nikishapumua vizuri. Kisha akanimenyea chungwa.

Sikulala mchana. Nilitazama dari.

Jumatano, 17 Julai

Nimekiri! Asubuhi, kabla ya gwaride, kwa Mwalimu Rohaya, nikiwa nimesimama wima. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema alijua tangu Jumamosi: alimkabidhi Sumayyah nyeusi mbili, zikarudi tatu. Alikuwa ananipima tu ni siku ngapi. Nne, nikamwambia. Akasema hata yeye anajua kuhesabu.

Filimbi amevishwa Sumayyah. Kamba inamfika kiunoni. Alipopuliza, kikosi kizima kiligeuka kama mtu mmoja, nami nikageuka pia, miguu yangu haikuniuliza. Nilipiga makofi hadi viganja vikavimba upya. Chee Keong alinong'ona kwamba nikifa tena nimwarifu mapema.

Nilingoja adhabu. Mwalimu akaniita mbele, akanipa sanduku la kadi, na kufuli jipya, na ufunguo.

“Zitakaa kwako,” alisema, “kwa sababu hapa hakuna mwingine aliyelala chini ya kadi isiyo yake.”

Nililia kidogo. Wote waliona. Nikaapa mbele ya kikosi kwamba hila na mimi tumeachana, na nyumbani nimekiandika kiapo hiki kwa wino mwekundu, nikakipigia mistari miwili kwa rula.

Saa kumi na moja jioni. Habari nyingine ya leo: kiongozi atahitaji naibu. Atachaguliwa baada ya zoezi la Agosti. Washindani ni wawili, mimi na Chee Keong. Chee Keong! Mtu anayempita rafiki akikata roho na kumpigia makofi! Kikosi hakiwezi kuachiwa mikono hiyo. Ni suala la usalama.

Nimezihesabu kadi zote, mara tatu, kwa utaratibu. Ziko sitini. Kwenye daftari la kabati nimeandika hamsini na tisa.

Si nyeusi. Mtu hujifunza.