Mti wa ukoo niliouchora mlangoni mwa wakwe

Jamani, leo nimeaibika, tena kwa chaki yangu mwenyewe.

Munanijua miye: darasani kila kitu ninakichora. Katekisimu, mito, viungo vya mwili, vyote naviwekea shina na matawi, na watoto wanashika upesi. (Nilijisifu sana kwa hilo. Ngojeni.)

Asubuhi tulienda Sange kumposa Veronika. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa. Mchumba mwenyewe, yaani miye, desturi yake ni kunyamaza. Baba yake Veronika akauliza, "Ninyi ni watoto wa nani?" Baba mkubwa akaanza kuzunguka: mara mupunga, mara mvua, mara ng'ombe za Rurambo. Nikachoka! Nikatoa chaki mfukoni, nikasimama mbele ya mlango wao wa mbao.

"Wazee, ngojeni niwaonyeshe. Huyu ni miye. Juu yangu, baba. Juu ya baba, mama yake..."

Baba mkubwa akanikanyaga. Nikasogeza mguu.

"...marehemu Nyamwiza, wa Rurambo. Na huyu pembeni ni mdogo wake, aliolewa huku bondeni, wakapotezana. Watoto wake siwajui, tawi nimeliacha wazi."

Pale kwenye mkeka alikaa bibi yake Veronika, mama ya baba yake. Akainuka na fimbo, akaja mpaka mlangoni, akaweka kidole juu ya lile tawi.

"Huyu ni miye."

Mungu wangu! Akanikumbatia huku analia. "Mujukuu ya dada yangu! Weye iko na macho yake!" Wanawake wakapiga vigelegele. Miye nilitaka ardhi inimeze. Kwetu, wajukuu wa dada wawili ni ndugu, hakuna kuoana. Posa imekufa hapo hapo, nami ndiye niliyeiua.

Veronika (ee, Veronika wangu!) akaitwa alete ugali. Akapiga goti, macho chini, machozi yamemlenga.

"Kula, kaka."

Nikala. Ningefanya nini?

Njiani baba mkubwa alinuna mpaka Uvira, ndipo akasema, "Mwalimu, lile tawi nilikuwa nalizunguka. Weye ulifikiri miye napenda sana habari za mvua?"

Tafadhali walimu wenzangu, kesho shuleni asinicheke mtu. Na yeyote anayemtamani Veronika ajue kwamba posa yake itapita kwangu miye, kaka yake. Ajaribu aone!