Jiko Lililokataa Kufa

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka kwa wifi. Najuta kwenda.

Amenunua jiko jipya la umeme. Juu ni kioo kitupu, cheusi, kimetulia kama maji ya kisima. Hakuna koili, hakuna swichi za kuzungusha. Unagusa kwa ncha ya kidole, linawaka. Aligusa, likawaka. Akaniangalia. Akazima. Akagusa tena, eti labda sikuona vizuri. Nikamwambia ni zuri, ila kioo huingia mikwaruzo. Akasema chake hakiingii.

Langu lina umri wa ndoa yangu. Koili nne juu, na ile ya mbele kushoto huwaka siku ikijisikia. Mlango wa oveni naufunga kwa kiuno. Mkate ukiungua upande mmoja naugeuza, maisha yanaendelea.

Tatizo ni Jumapili. Baba mkwe anakuja kula kwetu. Tangu afiwe na mkewe anaishi kwa wifi, na hali kitu. Anachokoachokoa sahani kama mtu anayetafuta pini. Ila juzi amesema anatamani kuku wa kuoka wa kwangu. Wa kwangu! Wifi ndiye atakayemleta. Ataingia jikoni. Ataona kiuno kikiwa kazini.

Mume wangu anafundisha udereva. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nimezoea hivyo hivyo. Nimemgusia habari za jiko jipya. Akasema kitu kinachotengenezeka hakijaharibika.

Sawa. Basi liwe lisilotengenezeka.

Sitalivunja. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nitalisindikiza tu.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi kabla ya kazi nimezima umeme na kuichomoa koili ya mbele kushoto, kidogo tu, ibaki imekaa lakini haigusi ndani. Ukiitazama huoni kitu. Kazi safi.

Jioni nikampokea Mwalimu kwa uso wa msiba. Nikamwambia koili imetutoka. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaniambia kwa ile sauti anayowatulizia wanafunzi kwenye mzunguko wa barabara: kwanza tunazima, kisha tunaangalia, ndipo tunagusa. Akazichomoa koili zote nne. Ile ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaiweka kushoto. Nikamuuliza kwa nini anazichezea. Akasema anataka kujua mgonjwa ni koili au ni tundu lake.

Ilivyohamishwa tu, koili yangu ikawaka kama jua.

Kumbe mgonjwa ni tundu. Lina mafuta yaliyoganda tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Akalisugua kwa msasa mpaka likang'aa. Kwa kuwa alishakaa chini, akasugua na mengine matatu.

Sasa koili zote nne zinawaka kila siku. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 5 Juni

Wazo limenijia kazini. Mimi niko mapokezi, kliniki ya meno. Aliingia mama mmoja amevimba shavu, hawezi kufunga mdomo. Nikamwonea huruma. Kisha nikafikiri: oveni isiyoweza kufunga mdomo!

Nimerudi na kadi mbili za miadi zilizoharibika. Nimezikunja, nimezisokomeza kwenye bawaba ya mlango wa oveni. Mlango ukabaki wazi upana wa kidole. Nikaoka mkate. Umetoka mweupe kama daftari jipya.

Nikamwekea Mwalimu mezani bila neno. Akala kipande kizima, maskini, akasema una ladha ya aina yake. Ilibidi nimwambie mwenyewe kwamba joto linavuja.

Akazima. Akaangalia. Akagusa. Kadi nilikuwa nimeshaziondoa, sikutaka maswali. Nilidhani hataona kitu, atasema ni uzee. Lakini alipopitisha tochi kuuzunguka mlango, akakuta mpira wake umechanika kweli, upande wa nyuma ambao mimi sijawahi kuutazama. Akanishukuru kwa kuwa makini. Akatoka mbio kabla duka la vipuri halijafungwa, akarudi na mpira mpya, akaufunga, akakaza na skrubu za bawaba.

Mlango sasa unafungwa kwa kidole kimoja. Kiuno changu hakina kazi tena.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeleta mtaalamu. Kuna fundi wa vyombo vya umeme anayeitwa Fundi Haiwezekani. Jina hilo amelipata kihalali. Ukimpelekea pasi, anasema haiwezekani. Ukimpelekea feni, haiwezekani. Hajawahi kutengeneza kitu mtaani hapa. Kazi yake ni kutangaza vifo. Ndiye mtu niliyemhitaji.

Nimemkaribisha, nimempa chai, nimemwonyesha jiko. Akatikisa kichwa kabla hajaligusa. Moyo wangu ukafurahi. Akafungua mdomo kusema neno lake.

Mwalimu akaingia.

Fundi akasimama kama kapigiwa wimbo wa taifa. Kumbe ni mwanafunzi wake! Ana mtihani wa barabarani wiki ijayo, na kurudi nyuma bado kunamshinda. Aligonga geti la chuo, tena likiwa wazi.

Mwalimu akamuuliza anaonaje.

"Linawezekana, Mwalimu," akasema. Sauti ilimkwama, neno lenyewe lilikuwa geni kwake. "Kila kitu kinawezekana."

Akapiga magoti. Akaweka kipimajoto ndani ya oveni, akasubiri, akasoma, akalinganisha na namba za swichi. Akasema swichi inadanganya: ukiiambia joto kali inaleta vuguvugu, ndiyo maana nahangaika na mikate. Akaichomoa, akageuza kijiskrubu fulani kwa nyuma, akapima tena mpaka vikakubaliana. Kisha akalisawazisha jiko lote kwa miguu yake, maana lilikuwa limeinama, ndiyo sababu keki zangu zina mteremko.

Mlangoni akaninong'oneza: "Mama, hili jiko lina roho ngumu. Hayatengenezwi tena ya hivi. Lishike."

Sikumwongezea chai.

Ijumaa, 7 Juni

USHINDI!

Jiko letu lina saa, pamoja na safu ya vitufe ambavyo hatujawahi kuvitumia. Hatujawahi kuirekebisha saa hiyo. Inawaka sifuri tu na tumezoea kutoitazama. Leo, kwa kukata tamaa, nimevibonyeza vitufe vyote. Kimoja kimoja. Viwili viwili. Vyote kwa pamoja kwa mikono miwili, kama mpiga kinanda. Jiko likalia "tii!" Nikawasha oveni. Baridi. Nikazungusha swichi mpaka mwisho. Baridi. Koili za juu zinawaka, lakini oveni ni kabati tu.

Mwalimu amelihangaikia tangu aliporudi. Amezima swichi kuu na kuiwasha. Amechomoa kile chuma cha joto kilichoko chini ya oveni, akakichunguza kama kina ufa. Kizima. Amekirudisha. Baridi. Amempigia Fundi Haiwezekani, naye akasema, kwa mara ya kwanza akiwa na huzuni, kwamba labda haiwezekani.

Basi akakaa sakafuni mbele ya jiko, amelikumbatia goti lake. Akaniuliza kama nakumbuka siku tulipolileta. Hatukuwa na kitanda. Tulilipandisha ngazi wawili tu, tukipumzika kila kona, na usiku ule tukaoka viazi tukavila kwenye kifuniko cha sufuria kwa sababu sahani hazikuwepo. Nilikuwa nimesahau kile kifuniko.

Nikajikuta nafungua kabati la vyombo kukitafuta. Nadhani ni njaa.

Kisha akasema basi, kesho twende dukani.

Jumamosi, 8 Juni

Dukani. Nimechagua jiko la kioo, pana kuliko la wifi. Nimeligusa kwa kidole. Likawaka. Nikagusa tena.

Muuzaji, kijana mwenye tai fupi, akasema hongera mama, litaletwa Jumanne.

Jumanne! Kuku ni kesho. Nikamweleza kwamba nina mgeni mzito. Akasema wapakiaji hawafanyi kazi mwisho wa wiki. Nikamwambia sisi wenyewe tutalibeba. Mwalimu akashika kiuno, akakohoa.

Katika mipango yangu yote sikuwahi kufikiria tutapikia nini Jumapili.

Mwalimu akashauri tumchemshie Baba kuku kwenye koili. Nikasema sawa. Lakini mzee hakuomba kuchemshiwa. Hata hospitali wanachemsha.

Mwalimu alipokwenda kufundisha, nimejifungia jikoni na vile vitufe. Kimoja kimoja. Viwili viwili. Vyote kwa pamoja. "Tii" haikuja. Siwezi kumuuliza Mwalimu, ataniuliza najuaje kwamba ni vitufe. Siwezi kumuuliza fundi, atamwambia Mwalimu.

Kuua nilijua. Kufufua sijui.

Jumapili, 9 Juni

Wamekuja mapema. Baba mkwe amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Mwalimu akamkalisha sebuleni, akamwelezea kwa upole kwamba oveni imekufa. Mzee akasema hakuna neno, mwanangu, mimi sina njaa. Alivyolisema! Bila lawama hata kidogo. Nikakimbilia jikoni.

Wifi akanikuta nimeinama kwenye vitufe, vidole kumi vikiwa kazini.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nalifuta vumbi."

Akasogea. Akainamisha kichwa. Akaweka kidole kando ya zile sifuri.

"Hiki kipicha cha ufunguo hapa unakiona?"

"Hilo pambo."

"Ni kufuli la watoto. Hata langu linalo."

Akabonyeza kitufe kimoja, akakishikilia bila kukiachia. "Tii!" Oveni ikaguna, ikaanza kupata joto. Akajifuta kidole.

"Wifi," akasema polepole, "watoto wenu wote wawili wako chuo kikuu. Nani kalifunga?"

Nikasema labda panya.

"Panya."

"Wakubwa."

Nilijua atamwita kaka yake. Ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshapiga kelele. Badala yake akavuta kigoda akakaa, akaangalia oveni ikiwaka, machozi yakaanza kumtoka. Akasema alilinunua lile jiko la kioo akidhani Baba atakula. Anapika hiki, mzee anasukuma sahani. Anapika kile, anasukuma sahani. Kila jioni anagusa kioo, anagusa kioo, na hajaona sahani tupu. "Nimechoka, wifi. Naogopa atanifia mezani."

Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo. Kisha nikamuuliza kama ni kweli kioo chake hakiingii mikwaruzo.

"Kiliingia siku ya pili," akasema, akacheka huku analia.

Tukamwandaa kuku pamoja. Yeye viazi, mimi viungo. Nimepika kuku miaka mingi, sijawahi kuona aliyetoka vile: ngozi ya dhahabu pande zote, hakuna kona iliyoungua, hakuna kona mbichi, mchuzi umelala sawasawa kwenye trei. Yaani kila nilichokiharibu wiki hii kilikuwa humo ndani kikinifanyia kazi.

Mwalimu alipoona oveni inawaka akauliza imekuwaje. Wifi akaniangalia. Kisha akasema ameipiga kofi.

Baba mkwe akaonja. Akachukua kipande kingine. Sote tulikuwa tunasikiliza uma wake. Alipomaliza akauliza shingo iko wapi, mbona haijaletwa. Mwalimu akainuka kwenda kuitafuta, akakaa huko jikoni muda mrefu kwa ajili ya shingo moja.

Mzee akafuta midomo. "Mwanangu," akaniambia, "chumba cha watoto kina mtu?"

Nikasema hakina.

"Basi nitakuja kukaa hapa. Mkinivumilia."

Wifi akafumba macho. Mwalimu akarudi, akasikia, akamkumbatia baba yake. Halafu akatoka barazani akampigia simu kijana wa tai fupi, akafuta oda ya jiko la kioo. Akasema jiko hili halitoki nyumba hii mpaka yeye atoke kwanza.

Nilitabasamu. Ilinibidi, kila mtu alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 10 Juni

Baba mkwe amehamia. Amekula mayai, amekula mkate, ameuliza mchana kuna nini. Wifi ameleta nguo za mzee. Amelala vizuri jana, uso umerudi. Habari ya panya hakuigusa. Ila wakati wa kuaga amebeba sufuria yangu kubwa. Sikumuuliza anairudisha lini. Naye hakusema. Tunaelewana.

Nimejitafakari sana. Nimekiri moyoni kwamba hila hazijengi, kwamba nusura nimnyime mzee chakula, kwamba mume wangu ni mtu mwema kuliko ninavyostahili. Nimeapa kubadilika. Nilikuwa kwenye foleni ya benki nilipoapa, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha.

Niliporudi kliniki, daktari akatuonyesha picha za friji lake jipya. Milango miwili! Unaweka glasi mlangoni, barafu inashuka yenyewe.

Letu lina mlango mmoja, na linafanya kazi vizuri.

Saa hizi Baba na Mwalimu wako sebuleni wanasikiliza mpira. Nimelivuta friji kidogo nione huko nyuma kukoje. Kuna waya mmoja tu, mwembamba, umekaa vibaya.