Ukuta wa Matundu Matatu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Tangazo limebandikwa juu ya meza ya chai. Hospitali inatafuta msanifu wa mifumo ya kompyuta. Nafasi moja. Miaka tisa nimekuwa fundi wa kompyuta hapa, yaani mtu wa kuitwa printa ikitafuna karatasi. Sasa basi.

Waliojitokeza ni wawili: mimi na Miwani, ndivyo tunavyomwita dada wa meza ya dirishani, ambaye kuongea kwake ni kwa mkato kama askari kwenye simu ya upepo. Daktari Mkuu alituita akatueleza kwamba wasanifu hawafanani. Kuna msanifu wa shirika, anayeitazama hospitali nzima kutoka juu. Kuna wa suluhisho, anayeshika tatizo moja na kuandamana nalo mpaka mwisho. Kuna wa data, wa miundombinu, wa usalama. Kila mtu achague anachokiweza, achore ukurasa mmoja kuhusu mafaili ya wagonjwa yanayopotelea kati ya mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Mwisho Alhamisi asubuhi.

Miwani aliomba ruhusa ya kwenda kukaa mapokezi kutwa nzima, atazame. Kutazama! Nilicheka moyoni. Mimi nimechagua usanifu wa shirika. Huo ndio wa juu kabisa.

Nyumbani nikasema nimeshakuwa msanifu. Sijui ulimi uliteleza vipi. Mke wangu akasimamisha cherehani. Mama mkwe akapiga vigelegele palepale kwenye kiti changu, goti lake lililopasuliwa likiwa limepumzika juu ya mto wangu. Niliona raha, siwezi kusema uongo. Uongo mwingine, yaani.

Jumanne, 5 Machi

Usanifu wa shirika nimeuacha. Nimegundua sijui ghorofa ya tatu wanafanya nini. Miaka tisa!

Nikahamia kwenye data. Karani wa kumbukumbu akanifungulia chumba kilichojaa mafaili mpaka darini, akaniambia data ndiyo hiyo, karibu. Nikafunga mlango taratibu. Nikahamia kwenye miundombinu. Hapo inabidi kupanda darini kufuata nyaya, na mimi na ngazi hatuivi. Nimetulia kwenye usalama. Msanifu wa usalama hahitaji kujua kitu, anahitaji kukataza tu. Kazi imenikaa kama nguo ya kupimwa.

Jioni, balaa. Mama mkwe hana habari na kompyuta. Kwake msanifu ni mtu anayechora nyumba. Kamtuma mke wangu aniulize kama nitamchorea ukuta.

Habari yenyewe ni hii. Mama mkwe yuko kwetu wiki ya tatu tangu apasuliwe goti. Kwake kuna sebule kubwa, na choo kiko mwisho wa sebule hiyo. Anataka ujengwe ukuta wa kuikata, ile sehemu ya chooni iwe chumba chake cha kulala, asihangaike kutembea. Matofali yapo, fundi mwashi ana ufunguo, kinachongojewa ni mchoro wa kuonyesha mlango ukae wapi. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake anaona haya kupita mbele ya mkwe wake kwenda msalani. Tangu aje anakunywa nusu glasi ya maji kwa siku, ili asipite.

Niliumia. Kweli kabisa, niliumia. Nami nilikuwa nashangaa mbona mgeni huyu hanywi hata chai.

Hapo palikuwa na nafasi nzuri ya kukiri kwamba mimi si msanifu wa nyumba, na kwa kweli si msanifu wa chochote. Nikaomba rula.

Jumatano, 6 Machi

Michoro yote miwili imekamilika!

Wa hospitali ni wa kutisha. Kisanduku kikubwa, katikati mstari mnene kama kidole, nimeuandika UKUTA WA ULINZI. Nyuma yake: HIFADHI. Mishale mitatu tu inaupenya, mmoja wa mapokezi, mmoja wa maabara, mmoja wa dawa. Maneno machache. Mtu mzito haelezi sana.

Wa mama mkwe ulinichukua muda zaidi, sijui kwa nini. Nilimwomba mke wangu amhesabie mama yake hatua. Ni tisa, halafu anashika ukuta na kuvuta pumzi. Basi nikachora kitanda, mlango wa chooni, mlango wa sebuleni, vyote ndani ya hatua tisa. Chini nikaandika: "Mama asitembee zaidi ya hatua tisa. Anachokihitaji kimfuate alipo. Asione haya mbele ya mtu." Nikaufuta mstari wa mwisho, nikauandika tena.

Kila mchoro nimeutia kwenye bahasha yake ya kaki. Katibu muhtasi wa Daktari Mkuu alinipa bahasha hizo, akanishauri niandike majina juu. Nilimwambia kwa heshima kwamba kuandika juu ya bahasha ni kazi ya makarani.

Alhamisi, 7 Machi

Bahasha moja kwa katibu muhtasi, saa mbili kamili. Ya pili kwa fundi mwashi, nilimkuta kituoni anakunywa uji. Mambo yanakwenda!

Saa tano simu iliita, namba ngeni. Mwanamume, sauti ya adabu. Akasema ameupata mchoro lakini ile mishale mitatu inamsumbua. Mtu wa Daktari Mkuu, ananipima! Nikatoka ukumbini nisimame vizuri.

Nikamweleza kwamba mishale ni matundu. Akauliza makubwa kiasi gani. Nikasema madogo, ya kupitisha kitu kimoja kimoja. Akauliza mlango uko wapi. Swali la mtego hilo! Nikasema hakuna mlango. Akauliza hata mdogo? Nikasema hata wa paka, kwa sababu vilivyo nyuma ya ukuta ule ni siri za watu. Akakubali kwamba ni kweli, ni siri. Halafu akauliza je, mtu akibanwa? Nikajibu bila kupepesa macho: akibanwa, apeleke ombi tundu la pili, atahudumiwa kwa foleni.

Akashusha pumzi, akasema haya mkubwa, msanifu ni wewe.

Msanifu ni wewe! Nimeyaandika maneno hayo kwenye kalenda.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika na vidole vimebanduka ngozi.

Saa nne Daktari Mkuu aliniita. Akavua miwani yake, akaniambia amesoma mchoro wangu mara tatu. Akasema miaka yote wanamletea visanduku, na hii ndiyo mara ya kwanza kuona mtu ndani ya mchoro. Mgonjwa asitembee, faili limfuate alipo. Akasema maneno kuhusu haya yalimgusa. Kisha akauliza, kwa upole, kitanda ni cha nini.

Nikautazama mchoro. Kitanda. Mlango wa chooni. Hatua tisa.

Nilitoka mbio. Sikuaga. Nimempigia fundi simu njia nzima, haipatikani. Kumbe yule wa namba ngeni jana alikuwa yeye, kwa simu ya mkewe.

Nimefika kwa mama mkwe nikakuta gari la shemeji limeshaegeshwa. Walikuwa wamemleta mama mkwe mapema aone chumba chake, mwenyewe alikuwa na hamu. Na leo, kwa furaha ya kwenda kwake, alikuwa amekunywa glasi mbili za maji na chai.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, kaegemea fimbo, anautazama ukuta. Ukuta mzuri, umenyooka. Kutoka pembe hadi pembe, bila mlango. Matundu matatu, ya kupita mkono. Nyuma yake, choo.

Fundi mwashi, maskini, alikuwa anawaeleza kama nilivyomwelekeza. Vilivyo nyuma ni siri za watu. Mama akibanwa apeleke ombi tundu la pili.

Mke wangu alinitazama. Shemeji alitazama viatu vyake. Mama mkwe aligeuka polepole, macho yamemjaa machozi, akasema, "Mwanangu, umekuwa msanifu kweli. Umenisanifu mimi."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye naijua lugha, nilichelewa kidogo kulipata neno lile. Msanifu ni mtu wa kuchora. Msanifu pia ni mtu wa kudhihaki wenzake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikakiri. Kwamba mimi ni fundi wa printa. Kwamba bahasha zilifanana. Nilikuwa nakiri huku nang'oa matofali kwa mikono, bahati saruji ilikuwa bado mbichi. Shemeji akaingia upande wa pili wa kazi, fundi naye akapiga nyundo, dakika chache tu pakawa na pengo la kumpitisha mama mmoja na heshima yake. Akapita. Sote tukageukia dirishani, tukaongea kwa sauti kubwa kuhusu hali ya hewa.

Baada ya muda mkono ukatokeza kwenye tundu la pili. Mama mkwe anaomba fimbo yake. Halafu tukamsikia, nyuma ya ukuta, anacheka mpaka anakohoa. Akasema kupitia tundu kwamba ningesema tu, yeye hata fundi wa printa angempigia vigelegele.

Nimelia kidogo. Ni vumbi la saruji, lakini nimelia.

Jumatatu, 11 Machi

Pengo sasa ni mlango. Ni hatua nane kutoka kitandani, nimehesabu mwenyewe. Tundu la pili mama mkwe amekataa lizibwe.

Nafasi amepewa Miwani. Msanifu wa suluhisho. Alikuwa amechora njia nzima ya mgonjwa, kwa kuwa alikaa akaitazama. Daktari Mkuu alisikia kisa chote, akacheka, akasema hata hivyo mistari yangu mitatu ya chini itumike. Mimi nimsaidie Miwani: mwezi mzima nikae mapokezi niwaulize wagonjwa wanachohitaji, kwanza nichore foleni ilivyo. Mke wangu kasema ndivyo ilivyo hata kwenye cherehani, anampima mtu kabla hajashika mkasi. Nimekubali kwa kichwa.

Ila nimefikiri vizuri. Msaidizi wa msanifu, ukiondoa neno la kwanza, anabaki nani? Jioni jirani aliniuliza kazi gani siku hizi, nikamjibu. Akafurahi sana. Anajenga banda la kuku mia mbili, anataka mchoro.

Nimemaliza yote miwili leo leo. Wa foleni na wa kuku. Ipo mezani kwenye bahasha za kaki. Mke wangu kauliza mbona sijaandika majina juu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kichwa cha msanifu hakisahau. Ya kulia ni ya kuku.

Au ya kushoto.