Giaboksi ya Mpambaji

Dokta alilisikia gari la kijivu kabla hajaliona. Liliingia getini taratibu, likakata kona kuelekea karakana, na ndani ya mlango wake wa nyuma kitu kidogo kigumu kikabiringika: kroo, kroo, ka! Dokta alikuwa mezani anakoroga chai. Kijiko kikabaki kinaning'inia hewani. Mtu mwingine angesikia gololi ya mtoto iliyotumbukia kwenye mwanya wa kioo. Dokta naye alisikia gololi hiyo hiyo, ila yeye aliisikia ikimnong'oneza: "Mwenye gari hajui kama mimi ni gololi."

Ieleweke kwamba Dokta hakuwahi kutibu hata mafua. Kazi yake ilikuwa kupokea magari katika kampuni kubwa ya kuuza magari, kuyasikiliza, kuyajaribu barabarani, kisha kumweleza mteja gari lake linaumwa nini. Jina alilipata kwa namna alivyopima. Aliinama, akatega sikio kwenye boneti, akafumba macho, halafu akatikisa kichwa polepole kama mtu anayetafuta maneno ya kuwaambia wafiwa. Magari mengi mabovu yalipona mikononi mwa mafundi kule nyuma. Na magari kadhaa mazima yalifia mdomoni mwa Dokta hapa mbele.

Hayo yaliyofia mdomoni yalikuwa na taratibu zake. Dokta akishatangaza ugonjwa, alieleza kwa masikitiko kwamba waranti ya kampuni haiugusi. Mteja akishabisha hadi koo likamkauka, Dokta alikumbuka, ghafla na kwa huruma, kwamba yupo bwana mmoja ananunua vyuma chakavu. Bwana huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Gari lilitoka pale kwa bei ya maiti, na haukupita muda lilifufuka na kuuzwa kwa bei ya mzima. Wawili hao waliuita mpango wao "huduma ya mazishi."

Kutoka kwenye gari la kijivu alishuka mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, vipande vya utepe mweupe vimemganda mikononi. Kiti cha nyuma kilifurika maua ya plastiki. Alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi.

"Mwanangu, kuna kitu kinagonga," alisema. "Nikikata kona kinagonga. Nikisimama kinagonga. Hata mahubiri ya redioni siyasikii tena."

"Pole sana mama. Kinagonga kama moyo au kama mlango?"

"Kinagonga kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi."

Dokta akacheka kistaarabu, akachukua ufunguo, akalizungusha gari mtaa mmoja. Gia zilibadilika laini kama pamba. Injini ilipumua kama mtoto aliyelala. Kila alipokata kona, mlango wa nyuma ulimwambia kroo, kroo, ka, na Dokta akaujibu kwa kupiga mluzi. Gari zima! Rangi nzima, matairi mapya, na waranti yenye mwaka mzima mbele yake! Alirudi uso umemshuka, akatega sikio kwenye boneti, akafumba macho.

"Mama," alisema, "umekuja na mtu wa kukushika mkono?"

"Nimekuja na maua. Sema tu."

"Ni giaboksi. Imekufa."

Mpambaji akavaa miwani ili amwone vizuri. "Imekufa vipi na nimekuja nayo ikitembea?"

"Hata kuku akichinjwa hukimbia kidogo, mama."

"Basi si mna waranti? Mliponiuzia mliniambia, mama, lala usingizi, chochote kikiharibika ni juu yetu."

"Chochote kinachoharibika chenyewe," Dokta akamsahihisha kwa upole wa daktari wa meno. "Hii umeiua wewe. Umebebesha gari mizigo."

"Mizigo gani? Maua ya plastiki?"

"Ua moja halina uzito. Je, ukumbi mzima?"

"Mwanangu, ukumbi mzima wa maua yangu haufikii uzito wa bwana harusi mmoja. Na mabwana harusi mnaruhusu kupandisha?"

Fundi mmoja aliyekuwa akipita na tairi akashikwa na kicheko. Dokta akamtazama hadi kikakatika, akabadili silaha.

"Tuseme si mzigo. Ni mashimo ya barabarani. Waranti haihusiki na mashimo."

"Kwani nyie mliniuzia gari la kuruka?"

"Na oili, mama. Inaonekana uliweka oili ya nje."

"Oili mlibadilisha nyie wenyewe, hapa hapa, na ukanisifia kilemba."

Hapo mjanja wa kawaida angetoa jasho. Dokta alikuwa ameshajua siri ya kazi hii: anayebisha huchoka mapema kuliko anayehurumia. Akamhurumia. Akamvutia kiti, akamletea maji, akamweleza giaboksi mpya inauzwaje, na alivyoitaja bei alishusha sauti kama anayetaja ugonjwa wa aibu. Mpambaji akatoa leso. Mabega yakaanza kutikisika.

"Basi niandikie hayo," alisema ndani ya leso. "Yaandike kwenye kompyuta yenu na jina lako uweke. Mume wangu ni mtu wa maneno, atasema nimechezea gari. Andika kwamba imekufa, na kwamba waranti haihusiki."

Dokta akaandika kwa moyo mkunjufu. Kuandika uongo kwenye mashine ya kampuni kwake ilikuwa kama kutia sahihi. Akamaliza, akakohoa, ndipo akamkumbuka yule bwana wa vyuma chakavu.

Shemeji alifika haraka mno kwa mtu aliyeitwa kwa bahati. Alilizunguka gari, akapiga teke tairi, akasonya kama alivyofundishwa. Akataja bei. Mpambaji akalia. Akapandisha bei. Mpambaji akalia zaidi. Huyu mama alikuwa na machozi yanayojua hesabu: kila bei ilipopanda yalipungua kidogo, kisha yakaanza upya. Dokta alikuwa nyuma yake akimwashiria shemeji akubali, akubali tu, kwa maana hata kwa bei ile faida ilikuwa nono. Pesa yenyewe ilikuwa ya mke wa Dokta, ya kuezeka nyumba. Dokta alikuwa amemwapia kwamba itarudi na mapacha.

Shemeji alipoanza kuhesabu noti, Mpambaji akamgeukia Dokta. Leso ilikuwa imeshuka.

"Mwanangu, nakuuliza tena. Una hakika ni giaboksi? Isije ikawa kitu kidogo tu, kokoto, na mimi nikauza gari zima."

"Mama, kama siyo giaboksi, mimi si Dokta."

"Hutaki kuangalia mara moja zaidi?"

"Maiti haipimwi mara mbili."

"Haya," alisema Mpambaji, akapokea pesa. "Mimi nimekuuliza."

Akatoa maua yake fungu kwa fungu, akayapakia kwenye teksi, akaondoka ameyakumbatia kama bibi harusi anayewahi.

Jioni ile shemeji alifungua mlango wa nyuma, akakuta gololi moja, ya kijani. Walicheka hadi wakashikana mabega. Mke wa Dokta aliuliza wanacheka nini, akaambiwa paa.

Kesho yake shemeji alimpandisha garini mnunuzi, mwenye duka la dawa, mtu wa tai na maswali machache. Walizunguka mjini kwa raha, shemeji akilisifia gari mpaka likakaribia kuona haya. Walipofika kwenye mlima wa kuelekea hospitali, injini ilikuwa imeshapata moto sawasawa. Shemeji akakanyaga mafuta. Gari likanguruma kama simba, kisha likaanza kurudi nyuma kama kaa. Akakanyaga tena. Likanguruma zaidi na kurudi zaidi. Mwenye duka la dawa alishuka likiwa bado linarudi, akapangusa tai, akasema atapanda kwa miguu, kupanda mlima ni afya.

Sasa, ili tusimwonee huruma mtu asiyestahili, tueleze habari za Mpambaji. Mdogo wake alikuwa mkunga. Mwaka uliopita mkunga huyo alileta gari lake kwa Dokta kwa sababu ya mlio mdogo, akaambiwa injini imekufa, waranti haihusiki, akaliuza kama chuma. Kwa muda mrefu alitembea kwa miguu kwenda kuzalisha watu. Halafu siku moja, akiwa kituoni mvuani, gari lake likampita likiimba, limepakwa rangi mpya, linaendeshwa na mtu mwingine. Alilitambua kwa mbonyeo wa ubavuni. Alirudi nyumbani hakula.

Basi giaboksi ya Mpambaji ilipoanza kuugua ugonjwa wa kweli, ule wa kutembea vizuri ikiwa baridi na kugoma ikipata moto, Mpambaji hakuona haja ya kwenda kubembeleza waranti. Alinunua gololi. Akaitumbukiza mwenyewe kwenye mwanya wa kioo. Akaegesha gari ng'ambo ya barabara, akakaa kivulini akifunga tepe zake mpaka boneti ikapoa kama jiwe la mtoni, ndipo akavuka. Lakini alikuwa amejiwekea nadhiri: kijana akisema, "Mama, ni gololi tu," basi angecheka naye, angemweleza habari ya giaboksi, na angedai haki yake kama mteja yeyote. Alimpa nafasi mbili. Ya kwanza Dokta aliikataa kwa tamaa, ya pili kwa kiapo. Na hivyo ikawa kwamba Dokta, katika kazi yake yote ya kusema uongo, alisema kweli mara moja, na hakujua.

Shemeji hakuyajua haya. Alijua jambo moja tu, alilofundishwa na Dokta mwenyewe: waranti hufuata gari, haimfuati mtu. Akalivuta gari kwa kamba nyuma ya lori la mchanga, akaingia nalo kwenye kampuni wakati ukumbi wa wateja umejaa.

"Nataka waranti yangu!" alisema kwa sauti. "Giaboksi imekufa!"

Dokta alisimama taratibu nyuma ya meza. Akamkonyeza.

"Unanikonyeza nini? Nasema imekufa kweli! Siyo ile ya..."

"Bwana mteja," Dokta akamkata, "tafadhali. Tuzungumze nje."

"Nje kuna jua. Waranti iko ndani."

Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka Meneja, mtu mwembamba wa maneno machache ambaye wafanyakazi walimwogopa hasa akitabasamu. Akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akamwita fundi mkuu, gari likapandishwa juu, likashushwa, na fundi mkuu akarudi akijifuta mikono.

"Giaboksi, bosi. Imekwisha. Nionavyo ilikuja na kasoro kutoka kiwandani. Hiyo ni ya waranti."

Shemeji akautabasamia ukumbi mzima. Dokta akashusha pumzi. Paa likarudi juu ya nyumba.

Meneja alikuwa ameinamia kompyuta. "Ajabu," alisema. "Hapa imeandikwa juzi tu kwamba giaboksi hii imekufa kwa makosa ya dereva. Mzigo, mashimo na oili. Waranti haihusiki. Aliyepima ni wewe, Dokta."

Wateja walioshika simu wakaziweka mapajani.

"Kwa hiyo mnapingana," Meneja akaendelea, taratibu kabisa. "Nisaidie. Kama ulipima vibaya, kampuni itamtengenezea huyu bwana bure, tutamwomba radhi, na itabidi tupitie magari yote uliyoyapima, moja moja, na wenyewe tuwaite. Kama ulipima vizuri, huyu bwana atajilipia. Ulipima vizuri, au ulipima vibaya?"

Dokta akamtazama shemeji. Shemeji alikuwa akimtikisia kichwa, macho yamemtoka, midomo inasema *vibaya, vibaya*. Akaitazama kompyuta. Akawaza yale magari yote yakirudi getini kwa foleni, kila moja na mwenyewe.

"Nilipima vizuri, bosi," akasema.

"Una hakika?"

"Hakika."

"Shemeji!" alipiga ukelele shemeji. "Sasa dada nitamwambia nini? Pesa ya paa ile!"

Meneja akainua macho. "Dada gani?"

Dokta alikunjua mikono yake juu ya meza kama mtu asiye na la kuficha. "Kila mtu ana dada, bosi."

Meneja akatabasamu. Akasema kweli, hata yeye anaye. Akaongeza kwamba kampuni inajali wateja wote, hata wasio na haki, kwa hiyo Dokta avue koti, amsaidie bwana huyu kulitoa gari lake uwanjani, maana linaziba njia. Wakimaliza, Dokta apite ofisini, wana maongezi.

Wakalisukuma, mmoja kila upande. Jua lilikuwa kali na getini kulikuwa na kijimwinuko ambacho Dokta, kwa miaka yote aliyopita pale, hakuwahi kukigundua. Walipofika katikati shemeji alisimama, akajifuta jasho kwa kiwiko, akamwangalia kwa mshangao wa dhati.

"Shemeji, kumbe siku ile ulikuwa unasema kweli?"

"Sukuma," alisema Dokta.