Bokoboko la Bingwa wa Uzito wa Juu

Jumanne, 3 Agosti 1937

Leo pale langoni mwa stesheni wanaume wamebishana mpaka mahamri yangu yakapoa. Habari imefika. Marudiano ni Jumamosi ya wiki ijayo, Nairobi! Mbarak wangu, bingwa wa uzito wa juu, na yule yule Odindo aliyeangushwa naye mwezi wa tano. Abeid kinyozi akaapa kwamba Odindo hakuanguka kwa ngumi, aliteleza kwenye jasho. Nikamuuliza, na jasho lilikuwa la nani kama si la mwanangu? Wakacheka wote.

Nikawakumbusha kwamba Mbarak alizaliwa amekunja ngumi. Mkunga shahidi.

Halafu Jaswant Singh, gadi wa treni ya Nairobi, akaleta neno jipya. Atakayeshinda atapandishwa meli Mombasa, aende Afrika Kusini kupigana huko, na kurudi hakujulikani. Atakayeshindwa atarudishwa kazi yake ya zamani, kubeba magunia gatini, hapa hapa Kisumu. Wanaume wakapiga makofi. Nami nikapiga, kuwashinda wote.

Nyumbani nikakaa. Viatu vyake vya zamani viko bado nyuma ya mlango, vikubwa kama mitumbwi. Gati naliona nikisimama uani. Magunia yapo. Hiyo Afrika Kusini iko wapi?

Nimeamua. Lazima mwanangu apigwe. Kidogo tu.

Alhamisi, 5 Agosti

Mpango umekamilika, tena wa akili sana! Nilisoma miaka michache, lakini kichwa ninacho.

Tangu utoto, Mbarak akila bokoboko, kwake si kulala tena, ni kuzimia. Basi bokoboko. Ngano na nyama, nimesonga mpaka mkono umekufa ganzi, samli juu inaelea. Jaswant atapeleka kila safari. Kwanza alisema behewa la gadi si jiko. Nikamfungia na yeye kaimati. Behewa likawa jiko.

Kishore wa dukani, kwa samli nyingi hivyo, akaniuliza kama nina harusi. Nikamjibu kwamba namtia bingwa nguvu. Amemwambia kila mteja. Sasa mji mzima unanisifu, eti mama ni Salme, wengine ni walezi tu. Kweli kabisa! Ingawa si kwa jambo hili.

Ijumaa, 6 Agosti

Baada ya sala nimenyanyua mikono nimwombee Odindo ushindi. Ulimi umekataa. Nikaomba basi Mbarak asiumie, wala asishinde sana. Mungu ananijua.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimegombana na Min Odindo, mama yake huyo Odindo. Anakaanga samaki ng'ambo ya njia, tunatazamana kutwa. Tangu ile ngumi ya mwezi wa tano salamu zetu ni za mdomoni tu.

Leo namkuta kwenye behewa la Jaswant na kikapu cha kamongo wa moshi. Mafuta yanatiririka juu ya kifuniko changu! Nikafoka. Akaniambia, Min Mbarak, tulia, mwanao anapigana au anatoka jasho? Nikamwambia wake anapigana au anateleza? Jaswant akajifanya anasafisha taa.

Ajabu, mama huyu akachungulia sufuria yangu akasema niongeze samli, kijana ale ashibe. Nikamwangalia. Mjinga! Anamnenepesha adui wa mwanawe. Nami kwa upole nikamshauri kamongo mmoja hatoshi kijana mkubwa vile, aweke wawili. Akasema ero kamano, ndiyo ahsante yao, akaweka watatu. Maskini, sikumwonea huruma. Samaki hutia nguvu, kila mtu anajua. Wake apate nguvu, wangu apate usingizi.

Alhamisi, 12 Agosti

Sufuria imerudi tupu! Jaswant ameniambia Mbarak anasalimu, na anataka zaidi. Mwanangu ameiosha mwenyewe, kaacha ngano imeganda ukingoni kama kawaida yake. Sijaikwangua. Nimeinusa. Inanuka sabuni ngeni, na kamongo. Ni kile kikapu cha yule mama.

Jioni Abeid akatangaza mbele ya watu kwamba Mbarak amekwisha, wiki ijayo atabeba magunia. Ndilo ninaloomba usiku na mchana! Ningenyamaza tu. Badala yake nikasimama nikamwambia yeye ananyoa watu kama ananyonyoa kuku, na kwamba mwanangu atamlaza Odindo raundi ya pili, na Afrika Kusini wote atawapanga foleni.

Mdomo huu! Nimerudi nikasonga bokoboko la pili.

Jumapili, 15 Agosti

Asubuhi stesheni imejaa. Jaswant akashuka anapapasa ndevu.

Wameingia ulingoni, alisema, matumbo mbele. Raundi ya kwanza walisukumana. Ya tatu waliegemeana kama magunia mawili gatini. Refa akawasihi wapigane. Odindo akacheua. Raundi ya sita Mbarak akaweka kichwa begani kwa Odindo, akafumba macho, na Odindo akamshikilia asianguke. Sare!

Kumbe wanakaa chumba kimoja. Kila kikapu kikifika wanatandika mkeka, wanachanganya kamongo na bokoboko, wanakula pamoja wakisimuliana habari za Kisumu.

Basi meli hakuna, na gati hakuna. Watapigana tena mwezi ujao. Mpaka hapo wanabaki Nairobi wote wawili.

Wanaume wakapiga kelele kwamba refa kala hongo. Mimi nikaanza kulia. Nageuka, Min Odindo naye analia. Abeid akauliza kwa mshangao, mama zetu, sare mnaililia nini?

Min Odindo akanivuta mkono mpaka nyuma ya stoo ya mizigo. Akaniuliza samli nilitia kiasi gani, na kwa nini. Nikamwambia. Akasema yeye kila mara alichagua kamongo mwenye mafuta kuliko wote, mwanawe apate kuwa mzito, apigwe, arudi. Nyumbani kwake kuna sahani ya Odindo ambayo hampakulii mtu mwingine. Nikamwambia habari za viatu.

Tukakaa pale juu ya masanduku mpaka treni ikaondoka bila kikapu chake wala sufuria yangu. Sikujua kwamba anacheka vizuri hivyo.

Jumatatu, 16 Agosti

Leo tumepika kwangu, sufuria moja kubwa ya kuazima, tunasonga kwa zamu. Bokoboko chini, kamongo katikati, samli mpaka mdomoni. Nimemwonyesha viatu. Amevipima kwa mkono wake akasema vya Odindo ni vikubwa zaidi. Uongo!

Tumekubaliana: safari hii wote wawili washindwe.

Jaswant amesema katika ndondi jambo hilo haliwezekani. Nimemwambia abebe sufuria. Gadi wa treni anajua nini kuhusu ngumi?